Nilipumzisha Vidonge Mwezi Ukiwaka

Wewe uliyeandikiwa vidonge vya sonona na hujui kama uvimeze au uvifiche, sogea karibu nikueleze. Sitakuharakisha. Najua kichwa kikiwa kizito maneno mengi huwa kelele tu, kwa hiyo ukichoka acha hapo, kunywa maji, kisha urudi. Mimi si daktari. Mimi ni mwanamke wa kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, na ninachokijua nimekijua kwa kukosea.

Nilizaliwa Awendo, kaunti ya Migori, nikaolewa Rangwe, upande wa Homa Bay. Ndiyo maana mama mkwe wangu na majirani wote huniita Nyar Awendo, binti wa Awendo. Mume wangu, Ouma, ni fundi wa mawe mjini Migori na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Kazi yangu mimi ilikuwa kisiwani Rusinga. Wavuvi wa omena huingia ziwani na taa wakati wa giza, na asubuhi sisi wanawake hupokea, huanika kwenye nyavu zilizotandazwa chini, hugeuza, huzoa. Mwezi ukiwaka omena hawafuati taa. Mashua hulala, nasi hurudi makwetu wiki hivi, mpaka giza lirudi. Hivyo ndivyo tulivyozoea: kazi na mapumziko vyote hupangwa na mwezi. Shika jambo hilo, maana ndilo lililokaribia kunimaliza.

Ugonjwa ulianza mvua za vuli zilipokuwa zikiisha. Binti yangu Hawi alikuwa na miaka minne, anakaa Rangwe na bibi yake. Haukuanza kwa kilio. Ulianza kwa harufu. Siku moja niligundua omena hazinuki. Nikaziweka puani, hakuna kitu. Chai haikuwa na ladha, wimbo haukuwa na maana, mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Niliamka alfajiri nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Gauni la Sabato likaanza kunishuka mabegani.

Kisha siku moja mvua ilinyesha juu ya omena zangu nikiwa nimekaa hatua tano tu, naziangalia. Sikuinuka.

Consolata, mwenzangu wa kuanika, Mkatoliki mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alikuja mbio na turubai. "Nyar Awendo! Wewe ni kiziwi ama ni jiwe? Samaki wamerudi ziwani wenyewe!" Aliponiangalia usoni aliacha kucheka. Wiki hiyohiyo akanipeleka hospitali moja mjini Homa Bay.

Benchi letu lilitazamana na benchi la wanaochukua dawa za virusi vya UKIMWI. Tulikaa tangu asubuhi mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia miguuni. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzee mmoja alishika bahasha yake kama mtu aliyebeba yai. Mwanamke wa Rangwe, ninayemjua sokoni, alipita, akanitazama, akatazama benchi la pili, akafanya hesabu zake kichwani. Nilitamani sakafu inimeze.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Aliniuliza kazi yangu.

"Omena."

"Ukianika asubuhi, unazoa saa ngapi?"

"Jua likishaziingia vizuri."

"Na ukizoa mapema?"

"Zinaoza."

"Sasa sikiliza," akasema. "Seli za ubongo hupelekeana ujumbe. Kimoja kati ya vitu vinavyoubeba huitwa serotonini. Seli ikishaimwaga, huizoa tena haraka. Dawa hizi huuzuia kidogo mkono unaozoa, serotonini ikakaa zaidi kwenye nyavu. Kazi hiyo dawa huianza mapema, lakini ubongo huchukua wiki kadhaa kuzoea, ndipo nafuu ije. Kwa nini iwe hivyo hasa, hata sisi hatujui yote."

Nilimwamini kwa sababu ya hilo la mwisho.

Aliniambia tumbo litachafuka, usingizi unaweza kuvurugika, nitatoka jasho. Aliniuliza kama humeza dawa za mgongo za dukani, nikakubali, kwa maana sisi wa kuanika huinama siku nzima. Akanionya nisinunue tena bila kuuliza: nyingine zikikutana na vidonge hivi huongeza hatari ya kutokwa na damu, na nyingine kali, kama tramadoli, zinaweza kuutetemesha mwili na kuuchemsha mpaka ikawa hatari. Halafu akaweka kalamu chini.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Kwa vijana wa umri wako, wiki za kwanza mawazo ya kutotaka kuishi yanaweza kuzidi kabla hayajapungua. Si kwa wote, lakini lazima kuwe na mtu wa kukuangalia. Nani nyumbani atakuangalia?"

"Mama mkwe," nikasema.

Akaandika kwenye faili. Nilikuwa nimedanganya.

"La mwisho. Usiache ghafla. Ukitaka kuacha, njoo tupunguze pamoja."

Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia ni rahisi.

Kwetu kando ya ziwa, kikopo cha vidonge kinacholia mkobani kina maana moja tu kwa watu, na maana hiyo huwezi kuikanusha, kwa kuwa ukikanusha ndiyo wanaamini zaidi. Kwa hiyo nilivitoa vidonge kwenye kikopo chake, nikavifunga kwa kitambaa visilie, nikavitia pamoja na kadi ya kliniki ndani ya kopo la majani ya chai. Kopo nikaliweka kibandani kwa Consolata, Rusinga. Rangwe halikufika hata siku moja.

Wiki za kwanza sitakuficha. Nilitapika. Miguu haikutulia, kama kuna sisimizi ndani ya mfupa. Lile wazo ambalo zamani lilikaa mbali likaja karibu: kwamba mimi ni mzigo, na nyumba ingepumua nikiondoka. Consolata aliniuliza wazi, mchana, tukiwa tumeinama kwenye nyavu.

"Niambie ukweli. Unafikiria kufa?"

"Ndiyo."

"Sawa. Basi kuanzia leo unaanika kando yangu. Ukienda chooni, unaimba. Nikisikia kimya, nakuja na mlango nauvunja."

"Niimbe nini?"

"Hata zile za Sabato zenu zisizoisha. Mungu atanivumilia."

Niliimba. Watu wa ufukweni walidhani nimeokoka upya. Mwezi ulipowaka mara ya kwanza sikurudi nyumbani. Nilimwambia Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, kwa simu kwamba kuna kazi ya kufungasha. Na wiki ya tano, asubuhi, nikiwa nageuza omena, harufu ilinipiga. Uvundo mtupu. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, na Consolata akasema hajaona mwanamke anayelilia uvundo.

Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na la kukuandikia.

Mwezi ulipowaka mara ya pili nilikwenda Rangwe kwa mwanangu, na kopo nikaliacha Rusinga. Kwanza niliogopa lionekane. Pili, nami nakuomba usinicheke, niliona ni sawa. Mashua zimelala, nyavu zimekunjwa, taa zimezimwa. Nikafikiri dawa nayo ni ya siku za kazi, na mwili upumzike.

Siku ya tatu nyumbani, nikigeuza macho tu, kitu kama radi ndogo kilipita kichwani. Tena. Tena. Ardhi ikayumba. Nikatoka jasho, nikaota ndoto za rangi kali, nikaamka na hasira ambayo sikujua ni ya nani. Mama alinipakulia samaki. Nilimwaga sahani nje mbele ya Hawi. Nikadhani ni malaria, nikapimwa Rangwe, hakuna malaria. Giza la mwezi liliporudi nikarudi Rusinga, nikafungua kopo, na baada ya siku mbili radi zikanyamaza.

Mwezi uliofuata ikawa hivyohivyo. Rangwe naugua, Rusinga napona. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri walichofikiri wengi kabla yangu.

"Huko kuna mtu," Consolata alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Chakula anapika nani?"

"Mama."

"Basi kula chako."

Hivyo mara ya tatu nilikwenda na unga wangu mwenyewe, nikawasha jiko langu, nikapika kando. Katika boma la Wajaluo, mke kukataa chungu cha mama mkwe ni kumwita mchawi bila kufungua mdomo. Mama alisimama penye moshi wangu kwa muda. Ni mwanamke mfupi, mkulima wa maharagwe, asiye na maneno mengi.

"Nyar Awendo, sufuria yangu imekukosea nini?"

Niliendelea kusonga ugali wangu. Aibu ya kimya kile naibeba mpaka leo.

Ouma naye alikuwa na lake. Dawa hizi huweza kuondoa hamu ya mume, na kwangu iliondoka kabisa. Hakuna aliyeniambia hilo siku ile, nami sikuuliza. Ouma aliporudi mwisho wa mwezi alilala akitazama ukuta. "Kama uko na mtu Rusinga, sema," aliniambia. Ningeweza kumweleza kwa maneno kumi kwamba naugua. Lakini maneno hayo yangemfikisha kwenye kopo.

Kisha ikafika Aprili, ziwa likafungwa kwa uvuvi wa omena ili wazaliane, hadi Julai iishe. Nilikunja nyavu zangu, nikaaga, nikaenda Rangwe. Kopo likabaki Rusinga, likiwa nusu.

Radi zilikuja, zikapiga wiki mbili hivi, zikaondoka. Nikafurahi. Nikasema nimeshinda, hata dawa siihitaji. Haikuwa ushindi. Masika yalipokolea, ule ugonjwa wa kwanza ulirudi, na ulirudi ukiijua njia.

Niliacha kuamka. Mvua ilipiga mabati na mimi nilihesabu misumari ya paa. Nywele zikashikana. Mdomo ukawa na ladha ya shaba. Sikuwa na huzuni, naomba unielewe. Huzuni ni kitu, mtu anaweza kuishika. Mimi sikuwa na chochote. Hawi aliingia na matope miguuni, akaniletea jani, akasubiri niliangalie. Nilijua ninapaswa kuliangalia. Nikafumba macho, nikasikia miguu yake ikitoka.

Mama hakuingia. Kwetu mama mkwe haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Ni mwiko wenye adhabu. Kati ya chumba chetu na sebule palikuwa na pazia la maua, na sauti yake iliishia pale. "Umekula?" "Nimeweka maji hapa." Nami ndani nikifikiri: ameniweza.

Siku moja nilimwita Hawi nikamwonyesha nguo zake, moja moja, zilipo. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake. Nilimsikia kupitia pazia akimwita Dani, bibi kwa Kijaluo.

"Dani, mama amenionyesha nguo zangu zote. Hata zile kubwa, za mwaka ujao."

Kijiko kilianguka sebuleni. Halafu nilisikia Mama akivuta kiti, akakiweka kando ya pazia, akakaa. Alimpigia Ouma simu Migori: "Acha hiyo nyumba ya watu, njoo." Hakuinuka kwenye kiti kile mpaka Ouma alipofika. Kesho yake Ouma akakaa mahali pake, na Mama, ambaye hapendi kuvuka hata daraja, akaenda Rusinga kumtafuta Consolata na kumuuliza mkewe Ouma alikuwa akiishi kwa kitu gani huko.

Alirudi jua likiwa bado juu. Kiti kikalia.

"Nyar Awendo."

Niligeukia ukutani.

"Consolata amenipa kopo."

Nilijifunika shuka mpaka kichwani. Kama ingewezekana kufa kwa aibu, ningeishia pale.

"Sikuuliza ni za nini," akasema. "Sikia. Unamjua Okoth, kakake Ouma, yule wa kaburi la karibu na mgomba. Dawa zake nilizipata chini ya tundu la kuku. Nyingi. Tulihamisha tundu baada ya kumzika. Alikuwa anazificha asije akaonwa. Na nani? Na mimi. Mimi mamake. Kwa hivyo mimi sina haja ya jina la ugonjwa. Kwa kopo kulikuwa na kadi ya kliniki, nimepiga hiyo namba. Wamesema leo usianze chochote mwenyewe, kesho mapema nikupeleke, na usiachwe peke yako. Leo ni uji tu."

Ukingo wa pazia ulisogea. Mkono wake uliingia, mkono tu, hadi kiwiko, umeshika kikombe. Mwiko haukuvunjwa.

Niliutazama mkono ule. Kucha zenye udongo wa maharagwe. Miezi minne nilikuwa nimeuogopa kuliko kitu chochote duniani, na kuogopa kwangu kulikuwa na ushahidi, radi na yote. Uji ulitoa mvuke. Mkono haukurudi.

"Mama," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno siku hiyo. "Nilifikiri unaniwekea kitu kwa chakula."

"Najua. Kunywa."

Nikanywa.

Kliniki tulikaa benchi lilelile, sisi watatu: mimi, Mama na Ouma. Mama alimtazama kila mtu usoni na kumwamkia, benchi la huku na benchi la kule, mpaka watu wakaanza kuitikia. Daktari alifungua faili. "Na wewe ni nani, mama?"

"Mama mkwe wake. Mimi ndiye nitamwangalia."

"Ndiyo, umeandikwa hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mama alinigeukia. Nilitazama sakafu.

Ndipo nilipoelezwa radi zilikuwa nini. Ubongo uliokwisha kuzoea mkono uliozuiliwa, ukiuachia ghafla, huyumba. Si uchawi, si malaria, na si kwamba umekuwa mlevi wa dawa. Ni kushuka ngazi kwa kuruka. Kila mwezi ulipowaka nilikuwa nimejirusha mwenyewe, kisha nikamlaumu aliyesimama chini. Ouma alisikiliza na hilo la hamu. Daktari alimwambia mbele yangu, bila kupunguza sauti. Alikunja kofia yake mikononi. Hakuomba radhi, nami sikumwomba.

Tulianza upya, kwa dozi ndogo. Usidhani palikuwa na asubuhi ya ajabu. Kwa wiki nyingi mkono uliingia kila siku baada ya chai, kidonge kiganjani, na kwa wiki nyingi hakikufanya lolote nililoliona. Dozi ikaongezwa. Nikatapika tena. Mara nyingi nilimeza kwa ajili ya mkono, si kwa ajili yangu. Mahindi yalikomaa nje bila mimi. Ziwa lilifunguliwa, Consolata akapiga simu, sikuweza kwenda. Siku moja nilitoka nikakaa sebuleni kabla mkono haujaingia. Mama alikuwa amesimama na kikombe mbele ya pazia, kisogo kwangu, akiniita kwenye chumba kitupu. Alipogeuka aliangalia kikombe, akaniangalia, akasema, "Basi leo utasuuza mwenyewe."

Hiyo ndiyo sherehe niliyofanyiwa.

Sasa masika mengine yamepita. Nameza bado. Jasho lingali linanitoka, hamu imerudi nusu, na daktari anasema tunaweza kujaribu dawa nyingine nikitaka, tunalizungumza. Zipo siku ambazo omena hazinuki. Ouma huja mara moja kwa miezi miwili, na tunaongea kuhusu ada na paa. Hawi ana miaka sita. Kila jioni, kabla ya kulala, huuliza, "Kesho utakuwepo?" Namjibu, "Nitakuwepo." Haamini mara moja, huuliza tena. Kidonge hakijalifikia swali hilo, na sijui kama kuna kitakachofika. Nalijibu mara mbili, kila siku.

Kwa hiyo wewe, msomaji wangu, usione aibu kwamba unaogopa. Wazo la kufa likija, mwambie mtu siku hiyohiyo, mpate kwenda hospitali ya karibu pamoja. Ukiona dawa inakusumbua, mwambie aliyekuandikia kabla ya kuiacha, hata kama ni jambo la chumbani. Na mwambie mtu mmoja kopo liko wapi, awe hata yule unayemwogopa kidogo.

Mimi siku hizi nikifunga mzigo wa Rusinga au wa kwetu Awendo, Mama husimama mlangoni akiangalia ninachotia kwanza. Nawe ufanye hivyo. Kabla ya safari yoyote, fupi au ndefu, tia dawa yako mkobani kwanza, kisha nguo.